Siku Niliyomkanda Mama Mkwe Bila Kumsalimia

Kama kuna mtu ana aibu inayozidi yangu aje tushikane mikono, maana mimi hii nimeibeba peke yangu mpaka imenizoea, nikienda sokoni iko, nikienda kanisani inatangulia kukaa benchi la mbele. Watu wa Yamumbi hapa Eldoret wakiniona hawasemi "yule Wafula wa masaji," wanasema "yule wa mama mkwe," na mgeni akiuliza ni wa mama mkwe kivipi, anasimuliwa yote kuanzia mwanzo, na kila msimulizi anaweka chumvi yake, mpaka nimesikia moja ambayo ati niliruka dirishani nikiwa uchi. Sikuruka. Dirisha lilikuwa na vyuma. Kwa hivyo acheni nisimulie mwenyewe, angalau mjue ni wapi nilikosea na ni wapi nimesingiziwa.

Kwanza niwaeleze hii kazi, kwa sababu najua mnavyoifikiria. Hakuna mtoto aliyewahi kukaa darasani akiota kukanda migongo ya watu. Mwalimu akiuliza utakuwa nani ukiwa mkubwa, mikono inainuka, daktari, rubani, wakili, hujawahi kusikia mmoja akisema yeye atakuwa anapaka wazee mafuta. Mimi nilitoka Webuye nikaja Eldoret kukimbia. Ndiyo, kukimbia, mimi mwenye imani kubwa na ugali, katika huu mji ambapo mama wa kuuza maziwa anakupita kwenye mlima akiwa amebeba mtungi na bado anakuuliza kwenu hawajambo. Nilikuwa wa mwisho kila mara, wa mwisho kabisa, yule mtu wa kuokota chupa za maji alikuwa ananingoja nipite ndio afunge kazi aende nyumbani. Lakini baada ya mazoezi nilikuwa nawakanda wenzangu misuli, na hapo hakuna aliyenishinda, wakaanza kupanga foleni, na kocha (mtu mpole, Mungu ambariki) akaniita kando akaniambia miguu yangu si mibaya sana ila Mungu alionekana kuwa na mpango zaidi na mikono. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, zangu ziliishia kwenye paja la mtu mwingine. Nikaenda kusomea, nikajua msuli gani unashika wapi, nikapata cheti.

Na ni kazi nzuri, msinione nikiicheka. Mwalimu anakuja shingo imekauka kwa kusahihisha vitabu, anaingia akiongea na ukuta kwa sababu hawezi kugeuka, anatoka akitazama kulia na kushoto kama mtu amenunuliwa kichwa kipya. Mwanariadha anakuja akichechemea na wiki inayofuata unamwona kwa televisheni. Wengine hawaumwi na kitu chochote, wanataka tu mtu awashike bega kwa saa nzima bila kuwaomba kitu, na unashangaa mtu mzima na tai yake analia hapo mezani kimya kimya, unampatia tishu na hamwongei tena juu ya hiyo. Hiyo ndiyo kazi. Lakini nenda umwambie mtu unafanya masaji. Anainamisha sauti, anatazama nyuma, anakuuliza, "Sasa na ile nyingine pia mnafanya?" Mzee wa kanisa ameniuliza hivyo. Sijui alitaka nijibu nini.

Ndiyo sababu Nekesa, mchumba wangu, alipoulizwa na wazazi wake nafanya kazi gani, alijibu kwamba niko upande wa mifupa. Haikuwa uongo, mifupa ipo, tena mingi. Baba yake, Mzee Makokha, aliyekuwa karani wa kiwanda kwa miaka mingi na sasa ni mzee wa kanisa pale Yamumbi, akaelewa hapo kwamba mimi ni daktari wa hospitali kubwa, akatangazia majirani, na mimi sikuona haja ya kusahihisha mtu mzima mbele ya majirani wake. Jumamosi ile nilikuwa niende na wazee wangu kwao mara ya kwanza, kujulikana na kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari. Nilikuwa sijawahi kuwaona wazazi wake na wao hawajaniona, ila picha yangu moja nimevaa suti ya kuazima.

Sasa sikilizeni hii vizuri, nyinyi msio wa upande wetu. Kwetu Magharibi mkwe na mama mkwe hawagusani. Hakuna cha kumsalimia kwa mkono, hakuna kukaa kiti alichokalia, mkikutana njiani mmoja anaingia kwa shamba la mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Nimeona mwanaume mzima, dereva wa lori, akijificha nyuma ya mbuzi. Ni heshima, na mama mkwe anaheshimiwa hivyo kuanzia siku binti yake anapokutaja nyumbani, hawangojei cheti cha ndoa. Mtu akikosea, hata kwa bahati mbaya, wazee wanakaa, na ndoa nyingine zimevunjikia hapo hapo kabla hazijaanza.

Basi siku ile, siku chache kabla ya Jumamosi, niko kazini, pale juu ghorofani katikati ya mji, nakunja taulo na kujipigia mluzi. Kazi tunafanya wawili, mimi nashughulikia wanaume na wanawake wanashughulikiwa na Chebet, labda mwanamke mwenyewe aseme hajali. Mmoja wa wasiojali ni Mama Brayo, mteja wetu wa zamani, fundi wa nguo mwenye mabega ya chuma na mdomo usiofungwa, anayekuja kila mwezi. Chebet akatoka chumba cha pili haraka haraka akifunga sweta, shule imempigia simu mtoto wake ana homa. Nikamsikia akisema Mama Brayo yuko mezani, ashamfunika, ashamwekea taulo la moto, shida ni bega la kulia, nimwanzie tu, yeye anakimbia na kurudi.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa kitu kidogo mno. Chuoni walitufundisha, na hata mama yangu ambaye hakuenda chuo alinifundisha, kwamba ukiingia mahali pana mtu unasalimia. Unasema habari, unasema mimi ni fulani, unauliza kama ni sawa nikuguse. Lakini mimi nikajiambia, huyu ni Mama Brayo, nikimsalimia ataanza hadithi ya mwenye nyumba wake na hatutamaliza leo. Wacha nianze kimya kimya nipate amani. Yaani nilikwepa salamu kwa sababu ya uvivu wa masikio. Nikaingia, nikapaka mafuta, nikashika bega.

Mtu akilala ile meza yetu huwezi kumjua, na hiyo ndiyo mnapaswa kuelewa kabla hamjanicheka. Amelala kifudifudi, uso umeingia kwenye lile tundu, anatazama sakafu, juu kuna shuka mpaka shingoni, kilemba kichwani, na kilichobaki nje ni bega moja. Mimi nilikuwa najisifu sana wakati huo, nawaambia watu kwamba sitazami sura, nasoma mgongo, mgongo hauna unafiki. Mgongo huu niliusoma nikaona umekonda kidogo tangu mwezi uliopita, nikajiambia Mama Brayo amefunga na maombi. Huyo ndiye mtaalamu wenu.

Bega lilikuwa limekufa kabisa. Limegandamana kama mlango wa ghala la zamani, ukilisukuma linalia. Nikalishughulikia kwa moyo wangu wote, pole pole, na kwa kweli lilikuwa linaanza kukubali, nikaona kabisa pumzi ya mtu ikishuka. Ndipo akaanza kuongea, sauti ikitokea chini ya meza, na kwa vile Chebet ndiye aliyemlaza, alidhani anaongea na Chebet. Akasema msichana wangu una mikono mizito kwa umbo lako, lakini ni mizuri, Mungu akubariki. Nikaguna tu, nikafikiria Mama Brayo ana mafua.

Akaendelea. Akasema huu mkono haujainuka tangu msimu wa kupanda, hata kufunga kilemba anafungiwa, na Jumamosi ana wageni, rafiki yake Mama Brayo ndiye amemhurumia akampatia nafasi yake ya leo. Nikasikia hiyo na mikono ikaendelea kukanda huku kichwa kikibaki nyuma kidogo. Ndipo nikakumbuka Chebet akikimbia alisema "wa Mama Brayo," na ile "wa" masikio yangu yaliimeza. Kama Mama Brayo amempatia mtu nafasi yake, basi huyu ni nani? Hakunichelewesha. Wageni wenyewe, akasema, ni watu wa Webuye wanamletea Nekesa wake kijana anaitwa Wafula, ati daktari wa mifupa, na yeye ameona picha, mifupa yenyewe aliyoiona hapo ni ya huyo kijana, miguu kama korongo, suti si yake, na amemwambia mume wake waongeze ng'ombe mpaka kijana achoke akimbie mwenyewe.

Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua mtu hutoa jasho. Mikono yangu yote miwili, na mafuta, ilikuwa kwenye bega la mama mkwe. Sikujua nitoe au niache. Nikitoa ghafla atageuka, nikiendelea ni laana inaongezeka kila nikisugua, na nikiongea atajua kwamba Chebet ana sauti ya besi. Nikabaki nimeweka tu pale kama mtu anayepima homa. Naye akasema, "Usiache, hapo hapo ndipo."

Nikakanda. Mungu ananijua, nilikanda nikiwa nimefumba macho, nikifikiri labda kutoona kunapunguza. Na hapo akasema mengine, mambo ya nyumbani kwake, ya ndani, ambayo sitayasema hapa wala mahali popote hata mninunulie chai ya mwezi mzima. Akalia kidogo. Wateja hulia, niliwaambia, na siku yoyote nyingine ningejua la kufanya, lakini tishu zilikuwa upande wa kichwa chake na mimi nilikuwa nimeamua kwamba mimi ni mtu wa kutoroka.

Nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, nikinyata na miguu yangu ya korongo. Mlango wetu una kile kitasa cha duara. Jamani, mshawahi kushika kitasa cha duara na mikono imejaa mafuta ya nazi? Inazunguka mikono, kitasa kimetulia. Nikajipangusa kwa nguo, nikajaribu tena, nikajaribu na kiwiko, nikapiga magoti nikajaribu na meno (hii ni kweli, mtu akiwaambia msibishe), na kitasa kikawa kinalia kacha kacha kacha. Mama mkwe kutoka kwenye tundu lake akauliza Chebet, kuna nini.

Sasa upande wa pili wa huo mlango, pale wateja wanangojea, alikuwa ameketi Mzee Makokha mwenyewe na kofia yake kwenye magoti. Alimleta mke wake baada ya kuambiwa ni kliniki ya mabega. Aliposikia kitasa kinahangaika akadhani mama amefungiwa ndani na hawezi kutoka. Akainuka, mzee wa nguvu zake, akausukuma ule mlango kwa bega. Ulinigonga paji la uso nikiwa bado nimepiga magoti, nikarudi nyuma, nikatafuta kitu cha kushika, na kitu nilichopata kilikuwa mguu wa meza.

Meza yetu ni ile ya kukunja. Mwenye biashara alikuwa amekataa kununua nyingine, mguu mmoja ulikuwa umefungwa na kamba ya manila, na ilikuwa imebeba watu wazito kuliko huyo mama bila matatizo kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuvuta kwa nguvu zote za mtu anayeanguka. Meza ikainama polepole, kwa heshima, na mama mkwe wangu akateleza na shuka yake na mafuta yake akanikalia kifuani.

Hapo niliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Alipokuwa akiteleza alijaribu kujizuia, akashika pazia juu kabisa karibu na fito, na aliinua mkono wa kulia. Ule uliokufa. Na mimi, badala ya kuzimia kama mtu mwenye akili, niko chini ya mama mkwe, paji la uso linatoka nundu, mzee amesimama mlangoni, nyuma yake wateja wote wa asubuhi ile wamenyoosha shingo, na mwanariadha mmoja ameshikilia barafu kwa goti na simu kwa mkono mwingine, mimi nikasema kwa furaha, "Mama, umeinua mkono."

Akatazama mkono. Akatazama chini. Nadhani alinitambua kwa ile picha, ingawa suti haikuwepo, maana alitoa sauti moja ambayo walisikia mpaka kwa wauza mitumba chini ya ghorofa. Mzee Makokha alimwinua, akamfunika, akanielekezea kofia yake na kuniuliza mimi ni nani. Ningeweza kusema jina lolote. Dunia ina majina mengi. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi ya kujitambulisha wiki nzima mbele ya kioo, na maneno yalitoka yenyewe jinsi nilivyoyapanga:

"Ni mimi Wafula, mkwe wenu wa Webuye, nimefurahi sana kuwafahamu."

Video ilifika kikundi cha wasapu cha kanisa kabla mimi sijafika kituo cha magari. Nekesa alinipigia, akakata, kisha akapiga tena akaniuliza swali moja, kama nilijua ni mama yake. Nikamwambia mwanzoni hapana. Akauliza mwanzoni inamaanisha nini. Nikaeleza, na vile nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyokuwa nasikia harusi yetu ikienda. Akalia, na mimi nikalia kando ya barabara na nundu yangu, na mama mmoja wa kuuza mahindi akaniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi tulienda, lakini si kwa kujulikana, maana kujulikana nilikuwa nimemaliza. Ilikuwa kesi. Wazee wao upande huu, wangu upande ule, mimi katikati kwenye kigoda, na mama mkwe jikoni nyuma ya ukuta ambako desturi inamtaka awe. Baba yangu mdogo, msemaji wetu, alijaribu. Alisema kijana alikuwa na mafuta mikononi, na mafuta ni kama nguo, kwa hivyo ngozi haikugusa ngozi. Mzee mmoja wao akauliza kama basi akipaka mafuta anaweza kutembea uchi sokoni. Baba mdogo akakubali hiyo haikuwa hoja nzuri. Akajaribu njia nyingine, akasema ng'ombe hawajafika, kwa hivyo yule kisheria bado hajawa mama mkwe. Nikaona mwanga. Ndipo Mzee Makokha akasema kama si mama mkwe wake, basi kijana huyu alikuwa anampaka mafuta mke wa mtu. Baba mdogo akaketi na hakusimama tena mpaka chakula.

Kisha Mzee Makokha akageuza kiti akanitazama mimi. Akasema ya daktari wa mifupa atayaweka kando, kugusa ataweka kando, lakini kuna kitu hakimpi usingizi. Mke wake alirudi nyumbani akiwa amelia, na macho hayo si ya kuanguka. Anataka kujua alilia nini, na alimwambia nani. Akasema nikisema yote, hapa mbele ya wazee, yataisha, nitalipa kondoo wa kutakasa na tutaendelea na ng'ombe. Nikikataa nichukue watu wangu turudi Webuye.

Nilimwona Nekesa kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ananiomba kwa macho niseme tu, chochote, tuoane tuishi. Na ilikuwa rahisi, maneno yenyewe nilikuwa nayakumbuka moja baada ya lingine, ya ng'ombe na miguu ya korongo na yale mengine. Hakuna mtu angenilaumu. Mtu mwenye meza ya kamba ya manila, nani alimwambia ana heshima ya kulinda? Lakini nilifikiria yule mama amelala pale akitazama sakafu, akidhani anaongea na mtu ambaye hatamsaliti, na nikaona kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimefanya kweli ile nyingine ambayo watu huniuliza kama tunafanya. Nilimwogopa sana Mzee Makokha, lakini nilimjibu.

"Mzee, mtu akilala mezani pangu, anachosema ni chake. Hata kama mnaninyima Nekesa."

Baba mdogo alinitazama jinsi mtu anavyotazama gari lake likiingia mtaroni. Mzee Makokha alivaa kofia, na kwetu mzee akivaa kofia ndani ya nyumba yake anamaanisha wageni wanaondoka. Nikainuka. Nekesa akarudi jikoni, nikajua amekwenda kulia huko.

Alikaa kidogo, kisha akatoka, akasimama mbele ya wazee, uso umevimba, akasema ametumwa na mama. Mama anasema kondoo aletwe na ng'ombe wabaki wale wale wa mwanzo, asiongezwe hata ndama. Na anasema kama baba yake anataka kujua mke wake alilia nini, mke wake yuko jikoni, na ameishi naye nyumba moja miaka hii yote, anaweza kutembea hatua hizo chache akamuuliza mwenyewe.

Sijawahi kuona wazee wakitazama dari kwa bidii namna hiyo. Mzee Makokha alikaa na kofia yake kichwani, akaitoa, akaishika, mwishowe akainuka akaingia jikoni na mlango ukafungwa. Hatukusikia walichosema. Tulingoja mpaka chai ikapoa, na alipotoka hakutazama mtu yeyote, akasema tu wageni wapewe kuku.

Tulioana, kama mlivyosikia, na kondoo alichinjwa, na mwenye biashara alinunua meza mpya yenye miguu ya chuma. Mkidhani hapo mambo yaliisha, hamjui mabega. Bega la namna ile linahitaji kurudiwa kila wiki la sivyo linaganda tena, na mkono pekee unaolijua vizuri ni huu wangu, ambao sasa umekatazwa mbele ya wazee na damu ya kondoo. Chebet alijaribu, mama akasema anamkuna. Kwa hivyo kila Jumapili baada ya ibada mama mkwe anaketi ndani jikoni kwake, Nekesa anashika bega, na mimi nasimama nje chini ya dirisha, mgongo wangu kwa nyumba, nikitazama migomba na kupaza sauti, shuka kidogo, ingiza kidole gumba, si hapo, karibu na mfupa, pole pole. Majirani wanapita wananisikia nikifundisha migomba. Kule ndani mama hanijibu, hawezi, anamwambia tu Nekesa amwambie mtu wa nje kwamba huyu binti yake hana mikono. Nekesa anakasirika na mimi njia yote ya kurudi kwetu Langas.

Basi nimeapa. Mtu akilala mezani pangu leo, awe nani, mimi napiga magoti, naingiza kichwa chini ya meza mpaka nione uso kwenye tundu, nasema habari yako, mimi naitwa Wafula, wewe ni nani na watoto wako wanaitwa nani. Wengine wamekasirika wakaenda kwingine, na waende. Lakini Jumapili iliyopita nilisikia kimya kule jikoni, nikageuka kidogo, jambo ambalo mkwe hafanyi, na kupitia dirishani nikamwona amesimama peke yake, ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa, anajifungia kilemba. Niligeukia migomba haraka. Pale kwao siwezi kumwambia mtu kwamba nilitazama, na hata sasa sijui kama ninaruhusiwa kufurahi.